Omba, Kisha Shika Jiwe
Somo: Nehemia 4:9; 6:15

Wapendwa, Windows 10 ilipofika mwisho wake Oktoba 2025, vijana wetu wa mitambo hapa Malindi walianza kuweka Ubuntu kwenye kompyuta ya kanisa. Faili za sadaka walizinakili kwanza kwenye flashi. Kisha Wi-Fi ikagoma, printa nayo kimya, na Jumapili inakaribia. "Pasta, si turudie tu ile ya zamani!"

Nehemia alipopingwa aliomba, halafu akaweka walinzi. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Nasi tukaomba, kisha tukasoma ujumbe wa kosa, tukachukua intaneti ya simu kwa waya, tukarekebisha kimoja kimoja. Jumapili nyimbo zilionekana ukutani; printa bado tunaipigania.

Uvumilivu si kubonyeza kitufe kilekile kwa hasira. Wewe umeacha kazi gani nusu? Omba, kisha shika jiwe linalofuata. Amina.