Ngome ya Kilwa Juu ya Meza

Msafiri avukaye kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hupokewa na Gereza, ngome ya mawe ya matumbawe iliyo ukingoni mwa bahari. Wareno walijenga ngome kisiwani humo mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512. Jengo lionekanalo leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, ya mwanzoni mwa karne ya 19. Lina pembe nne, lakini minara yake ni miwili tu, nayo imewekwa penye pembe zinazotazamana kwa mshazari. Je, mjenzi aliishiwa na mawe? Jibu laweza kupatikana darasani kwa katoni, makopo mawili na uzi.

Twaa katoni ya mraba yenye ubavu wa sentimeta 30, uikate kuta zake zibaki na kimo cha sentimeta 6. Kipimo chetu ni 1:100, yaani sentimeta moja mezani ni meta moja ardhini. (Ukubwa huu umechaguliwa kwa ajili ya meza, si wa Gereza lenyewe.) Kwa minara, tafuta makopo mawili yenye kipenyo cha sentimeta 7 hivi. Kata pembe mbili za katoni, uweke kila kopo ili kitovu chake kiwe penye pembe hasa: robo ya mviringo itakuwa ndani, robo tatu nje. Jambo hili lisipuuzwe, kwa kuwa mnara usiochomoza nje ya ukuta hauna faida kubwa kwa mlinzi.

Bandika vipande vya magazeti kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Vikikauka, siliba chokaa iliyokwisha kuzimwa, ikichanganywa na mchanga laini. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na macho, nayo isitumiwe kabisa. Wajenzi wa pwani waliipata chokaa kwa kuchoma matumbawe: moto hufukuza kaboni dayoksaidi, na chokaa ikishazimwa kwa maji na kusilibwa ukutani, huivuta tena hewa hiyo polepole hata ikarudi kuwa mawe. Kwa hiyo kuta za Kilwa ni matumbawe yaliyoungwa kwa matumbawe.

Askari ni njiti za kibiriti za milimita 17, ambazo ni sawa na mtu wa meta 1.7, zilizosimamishwa katika vidonge vya udongo. Darasa ligawanyike pande mbili. Washambuliaji husogea sentimeta 5 kwa zamu. Walinzi humwondoa yule tu anayefikiwa na uzi ulionyooka, usioguswa na ukuta.

Mchezo uanze bila minara. Tuseme jicho la mlinzi liko sentimeta 1 nyuma ya ukingo wa nje wa ukuta, na nusu sentimeta juu yake. Uzi ukipita ukingoni hushuka nusu sentimeta kwa kila sentimeta moja, basi hugusa meza umbali wa sentimeta 12 kutoka ukutani. Njiti ya milimita 17 hufichika kabisa ikiwa karibu zaidi ya sentimeta 8.6. Wanafunzi wahakikishe kwa pembetatu zinazofanana. Ajabu ni kwamba mshambuliaji akiufikia ukuta, ukuta ule ule humlinda yeye!

Sasa weka makopo. Toboa kila kopo matundu mawili, usawa wa kifua cha njiti, katika sehemu iliyochomoza, kila tundu likielekea ubavuni mwa ukuta mmoja. Uzi utapita sambamba na ukuta na kumnasa kila aliyejibanza hapo. Mnara mmoja hulinda kuta mbili zinazokutana penye pembe yake. Wa pili, ulio kwa mshazari, hulinda mbili zilizosalia. Hamisha kopo moja kwenye pembe ya jirani, nawe utaona ukuta mmoja unalindwa mara mbili na mwingine haulindwi kamwe. Mjenzi hakuishiwa na mawe, alifanya hesabu.

Hata hivyo wanafunzi wenye hila watagundua mahali pa kujificha: chini ya mnara wenyewe, upande wa nje, ambako mnara wa pili hauoni kwa sababu ngome yote iko katikati.

Bahari nayo haikungoja mchezo. Mawimbi yamechimba chini ya kuta za Gereza na kubomoa sehemu yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 1981, yakawa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi; jaribuni kwa karai la maji, mchanga na safu ya vijiti.

Maswali: (1) Ukuta ukiwa na kimo cha sentimeta 8, njiti itafichika hadi umbali gani? (2) Ukiruhusiwa kopo la tatu, utaliweka wapi, na ni mafichoni mwa nani patakapofunuliwa?