Pima Mwanga Machoni, Si Mezani

Kilifi na Malindi ziko digrii tatu na kitu kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri huko hupita laksi 100,000. Ni rahisi kudhani mfanyakazi wa ofisi wa pwani hana njaa ya mwanga. Mimi nasema anayo, na sensa ya bei nafuu, hata ya simu, yatosha kuionyesha, mradi ishikwe mahali pake. Saa ya mwili haijali mwanga ulioko mezani. Hufuata ule unaoingia jichoni, hasa wa samawati, unaopokewa na seli za retina zenye melanopsini. Kwa hiyo keti kitini, shika sensa wima usawa wa macho, kama mita 1.2 kutoka sakafuni, ielekee kompyuta. Pima saa mbili asubuhi, saa sita na saa tisa, na pazia usiziguse: ziache zilivyo siku zote za kazi. Rudia kusi na kaskazi, kwani wakati wa kusi jua hupita upande wa kaskazini na pazia za upande huo ndizo zinazofungwa.

Mwaka 2022 wanasayansi walipendekeza mchana jicho lipate angalau laksi 250 za kimelanopiki, yaani zilizopimwa kwa jinsi melanopsini inavyoupokea mwanga. Kuzipata, zidisha laksi za kawaida: mwanga wa mchana kwa takriban 1, taa nyeupe za LED za kelvini 4000 kwa kama 0.6. Meza yenye laksi 500 inaweza kufikisha 200 tu machoni, mara 0.6 ni 120. Hata nusu haijafika.

Wapo watakaosema sensa ya simu haiaminiki. Kweli, na mara nyingi haitambui rangi za mwanga. Lakini kwa kulinganisha viti viwili kwa simu ileile, inafaa. Hoja nzito zaidi ni kwamba watu hulipata jua njiani asubuhi. Linasaidia sana, ila baada yake huja saa nane za pazia na vioo vya tinti, na mwili ulioshinda gizani huyumbishwa zaidi na mwanga wa simu usiku. Na joto je, si ndilo pazia zinalokinga? Pazia huzuia jua likiwa limeshaingia chumbani. Upenu mpana hulikinga nje, na mwanga wa anga ukabaki. Kabla ya kununua taa mpya, isogeze meza karibu na dirisha, dirisha liwe ubavuni ili kioo cha kompyuta kisimeremete, kisha upime tena.