Sheria za Kuuza Mayai ya Kuku Wetu



Wengi kati yetu tuko na kuku nyuma ya nyumba. Mayai yao yanatusaidia kununua kaye na kreyo, na mara ingine kumalizia minervali. Lakini kuuza yai ni kuuza kitu ambacho mnunuzi haoni ndani yake. Analipa juu anatuamini. Imani ile ikipotea, kuirudisha ni kazi ngumu.

Tunakiri kosa letu mbele yenu. Mwaka jana sisi wa kikundi cha ufugaji tuliokota mayai 9 katika majani nyuma ya jiko. Hakuna mtu alijua yamelala pale tangu lini. Tuliyapangusa, tukayachanganya na mayai ya siku ile, tukauza yote. Kesho yake mama mmoja alirudi na bakuli mkononi. Alikuwa amepasua yai bovu juu ya mengine manne mazuri, na chakula ya watoto wake ikaharibika yote. Hakututukana. Alisema tu: "Wanangu, siku ingine muniambie." Tulimrudishia pesa yake, lakini majuma mengi hakupita tena kwetu. Ndipo tuliandika sheria hizi.

1. Yai lisilojulikana siku yake haliuzwi. Tunaokota mayai asubuhi na tena mchana, na juu ya kila moja tunaandika tarehe kwa kreyo. Lililotagwa mbele linauzwa mbele. Likipita siku 7 halipelekwi soko.

2. Yai la mashaka linapimwa. Utie ndani ya maji. Yai jipya linazama na kulala. La siku nyingi linazama lakini linasimama. Lile linaelea, tupa. Sababu gani? Ganda liko na maelfu ya matundu madogo sana. Maji ya ndani yanatoka polepole kama mvuke, hewa inaingia, na chumba cha hewa kinakua. Lakini mujue: kipimo hiki kinaonyesha umri, hakionyeshi mikrobi.

3. Yai la kuuza haliogeshwi kwa maji baridi. Juu ya ganda kuna utando mwembamba unaozuia mikrobi kuingia. Ukiosha, unauondoa. Uchafu kidogo, futa kwa kitambaa kikavu. Uchafu mwingi ni alama kwamba kiota ni kichafu: badilisha majani yake.

4. Yai lenye ufa haliuzwi, hata ufa kidogo. Mikrobi ya salmonela ikiingia, inaleta kuhara na homa, na watoto wadogo ndio wanaumia zaidi. Na yai zima vilevile, tulipike mpaka kiini kigumu.

5. Mayai ya kula yakae mbali na mayai ya kulalia. Kuku anataga hata kama hakuna jogoo. Jogoo akiwa pale, yai linaweza kuwa na mbegu, na katika joto kifaranga kinaanza kuumbwa. Kwa hiyo tunaweka mayai ya kuuza kivulini, mahali pa baridi, ncha yake nyembamba chini.

6. Kuku akipewa dawa, tunasoma karatasi ya dawa. Ikisema siku fulani mayai yasiliwe, tunangojea siku zile zote. Kama hatuelewi, tunauliza veterineri.

7. Makubwa na madogo yasichanganywe. Kuficha madogo chini ya plato ni wizi, hata kama bei ni ndogo. Mtu akirudisha yai bovu, tunamubadilishia bila mabishano.

8. Kila kitu kiandikwe katika kaye: yaliyotagwa, yaliyoliwa, yaliyovunjika, yaliyouzwa. Tuseme kuku 6, na kila mmoja anataga mayai 5 kwa juma. Hayo ni mayai 30. Kama chakula yao kwa juma inamaliza pesa ya mayai 18, faida si mayai 30, ni 12 tu. Tena kama 3 yanavunjika njiani, inabaki 9. Ndugu, mtu asiyeandika anafikiri amepata, kumbe anakula mtaji.

Tunawaambia pia habari njema. Yule mama amerudi. Siku ya kwanza alinunua mayai 2 tu, akageuza kila moja kutafuta tarehe. Juma lililofuata alichukua 10, na hakugeuza hata moja.

Maswali ya kujibu katika kaye:
a) Sababu gani yai la siku nyingi linasimama ndani ya maji?
b) Kuku 8 wanataga mayai 4 kila mmoja kwa juma. Chakula inamaliza pesa ya mayai 20. Mayai 2 yanavunjika. Faida ni mayai mangapi?
c) Nyumbani kwenu, ni sheria gani bado haifuatwi? Mutaanza lini?

Sisi wa kikundi cha ufugaji