SOMO LA LEO: MCHEZO WA KUPANGA MABEHEWA



Wengi wetu hapa Lagangabilili tumepata kuliona garimoshi. Stesheni ya reli iliyo katika mkoa wetu wa Simiyu ni Malampaka, wilaya ya Maswa. Reli ile ni ya njia ya Tabora hadi Mwanza. Ilifika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo pamba ya Usukuma ilipata njia ya reli ya kwenda bandari ya Dar es Salaam.

Tunaliona garimoshi likipita, lakini je, tunajua mabehewa yake yanapangwaje? Leo tutajifunza kazi hiyo kwa mchezo. Mchezo huu tutautengeneza nyumbani kwa viberiti vitupu. Ni mchezo wa watu wazima na wa watoto. Unafundisha kufikiri mbele, kupima na kuhesabu. Tena unafundisha jambo la kuokoa maisha.

Kwa nini mabehewa yapangwe?

Fikiri garimoshi la mizigo linatoka Malampaka. Lina mabehewa matano. Moja ni la Shinyanga, moja la Isaka, moja la Tabora, moja la Dodoma na moja la Dar es Salaam. Hivyo ndivyo miji hiyo inavyofuatana njiani.

Sasa, behewa la Shinyanga likae wapi? Likikaa mwisho kabisa, kazi ni rahisi. Likifika Shinyanga linafunguliwa, linaachwa, safari inaendelea. Kisha la Isaka liwe la pili kutoka mwisho, na kuendelea hivyo. La Dar es Salaam liwe karibu na injini.

Lakini behewa la Shinyanga likiwa katikati, hapo kuna kazi! Mabehewa ni kama ng'ombe kwenye mlango mwembamba wa zizi. Huwezi kumtoa wa katikati kabla hujawaondoa walio mbele yake. Itabidi garimoshi likatwe, mengine yasogezwe kando, kisha yaunganishwe tena. Saa zinapotea, mafuta yanapotea, na mzigo wa mkulima unachelewa. Ndiyo maana stesheni kubwa zina njia nyingi za pembeni. Hapo mabehewa yanapangwa kabla ya safari.

Mchezo wenyewe

Mwingereza mmoja, Alan Wright, alibuni mpango mdogo wa reli wa kuchezea. Una njia tatu tu na mabehewa manane. Watu wa nchi nyingi wanautumia. Wao hununua reli ndogo za madukani, sisi tutatumia vitu vya hapa hapa.

Vitu vinavyotakiwa:
1. Ubao mmoja wenye urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 25.
2. Fito nyembamba za mbao au mianzi, unene wa kidole kimoja.
3. Viberiti vitupu vinane. Haya ni mabehewa.
4. Kipande cha mti chenye ukubwa wa kiberiti. Hii ni injini.
5. Waya mwembamba, misumari midogo na mchanga kidogo.

Namna ya kutengeneza:

Kwanza, mabehewa. Tia mchanga kidogo ndani ya kila kiberiti ili kiwe kizito. Andika namba juu yake, kuanzia 1 hadi 8. Upande mmoja funga ndoano ya waya, upande wa pili funga pete ya waya. Pande zote zifuatane sawa. Kiberiti na ndoano yake kichukue sentimita 6. Injini nayo ifungiwe waya kwa upande wa kuvutia.

Pili, njia. Pigilia fito mbili mbili sambamba, na kati yake acha sentimita 4. Viberiti vitateleza humo. Anzia ukingo wa kushoto wa ubao. Tengeneza kipande cha sentimita 24. Kipande hiki tukiite shingo. Baada ya shingo acha nafasi wazi ya sentimita 10. Hii ni njia panda ya kwanza. Kutoka hapo, Njia ya 1 inakwenda moja kwa moja, sentimita 30. Tawi jingine linakwenda kando. Mbele yake acha tena sentimita 10, njia panda ya pili. Kutoka hapo zinaanza Njia ya 2 na Njia ya 3, kila moja sentimita 18. Ziba ncha za njia zote kwa kijiti.

Tatu, katika kila njia panda weka kijiti kimoja kilichopigwa msumari mmoja, kiweze kuzunguka. Kijiti kikifunga upande huu, upande ule uko wazi. Katika reli ya kweli, hapo pana vipande vya reli vinavyosogea na kuligeuza garimoshi.

Huna ubao? Usijali. Chora mistari chini kwa jivu na tumia magunzi ya mahindi. Ila vipimo vifuate urefu wa magunzi yako.

Hebu tuhakikishe vipimo vyetu. Njia ya 1 ina mabehewa 5: 5 × 6 = 30. Njia ya 2 na ya 3 kila moja ina mabehewa 3: 3 × 6 = 18. Shingo ina injini na mabehewa 3: 4 × 6 = 24. Kwa hiyo injini haiwezi kutoka na mabehewa zaidi ya matatu kwa safari moja. Ugumu wa mchezo uko hapo.

Jaribio la kwanza

Tuanze na mabehewa matatu tu. Weka katika Njia ya 1 namba 1, 2, 3. Namba 1 iwe karibu na shingo. Tunataka yawe 2, 1, 3. Fuata hatua hizi:

1. Injini iingie Njia ya 1. Iunganishe 1 na 2. Behewa la 3 libaki. Rudi shingoni.
2. Ingia Njia ya 2. Acha 2. Rudi na 1.
3. Ingia Njia ya 1. Acha 1 mbele ya 3. Rudi mtupu.
4. Ingia Njia ya 2. Chukua 2. Rudi.
5. Ingia Njia ya 1. Sukuma 2 mpaka iguse 1.

Umeona? Injini imeingia mara tano. Ipo namna nyingine ya kufanya kazi hii, nayo ni kwa kuingia mara tano pia. Itafute mwenyewe.

Mchezo kamili

Weka mabehewa matano yoyote katika Njia ya 1 na matatu katika Njia ya 2. Njia ya 3 iwe tupu. Andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, tia kikapuni. Mwenzako achague vitano bila kutazama. Karatasi ya kwanza ndilo behewa litakalokaa karibu na injini, ya pili lifuate, mpaka ya tano. Wewe upange garimoshi hilo katika Njia ya 1. Kunyanyua behewa kwa mkono ni marufuku! Yote yavutwe au yasukumwe na injini. Anayemaliza kwa kuingia mara chache ndiye mshindi. Usikate tamaa, kwa maana kila agizo linawezekana.

Je, maagizo yako mangapi? Karatasi ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya 8. Ya pili kati ya 7 zilizobaki, kisha 6, kisha 5, kisha 4. Basi: 8 × 7 = 56. 56 × 6 = 336. 336 × 5 = 1,680. 1,680 × 4 = 6,720. Ukicheza agizo moja kila siku, utacheza zaidi ya miaka 18 bila kurudia!

Jambo la kuokoa maisha

Sasa chukua kigari cha mtoto chenye magurudumu. Kiweke juu ya ubao mtupu. Inua ncha moja ya ubao kidogo kidogo. Kigari kitaanza kwenda chenyewe. Sasa weka kijiwe mbele ya gurudumu. Kimesimama.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza kwa urahisi mno. Behewa lisilofungwa breki linaweza kuondoka lenyewe penye mteremko mdogo tu. Halina injini, halina honi, linakuja kimya.

Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma, garimoshi la abiria lilishindwa kusimama mlimani. Lilirudi nyuma kwa kasi likagongana na garimoshi la mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Mlima mmoja na breki zilizoshindwa, basi, vilileta msiba wa taifa zima.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukiwa stesheni tufuate haya:
- Tusipite chini ya behewa lililosimama, hata kama halina injini.
- Tusipite katikati ya mabehewa mawili. Injini ikisukuma upande mmoja, yote husogea ghafla.
- Tusikae wala tusianike mazao juu ya reli.
- Tusichunge mifugo kando ya reli.
- Tusiondoe jiwe au kabari iliyowekwa chini ya gurudumu.

Jambo hili linatuhusu zaidi sasa. Reli mpya ya SGR ya Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, ilianza kujengwa mwaka 2021, na Malampaka imo katika njia yake. Reli ya zamani ina upana wa meta 1. Ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine. Mzigo lazima uhamishwe. Kazi ya kupanga mabehewa itahitaji vijana wenye akili ya kufikiri mbele. Kwa nini wasitoke hapa kwetu?

Maneno ya kukumbuka

Behewa: gari lisilo na injini linalovutwa juu ya reli.
Njia panda ya reli: mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili.
Kabari: kipande cha kuzuia gurudumu lisiende.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Garimoshi linatoka Malampaka kwenda Dar es Salaam. Behewa la Isaka na behewa la Dodoma, lipi likae nyuma zaidi? Kwa nini?
2. Shingo ikirefushwa hadi sentimita 36, injini itatoka na mabehewa mangapi?
3. Kama mabehewa yote ni 6 na tunachagua 3, maagizo ni mangapi?
4. Watoto wetu wanaosafiri na kupita stesheni, nani amewaeleza hatari ya behewa linalokuja kimya? Tukubaliane nani atawaeleza, na lini.

Majibu ya hesabu: Swali la 2, mabehewa 5. Swali la 3, 6 × 5 × 4 = 120.

Tengenezeni ubao mmoja kwa kila kikundi. Anayejua kusoma amsomee asiyejua hatua zile tano, na asiyejua aisukume injini. Wote wawili watakuwa wamejifunza.