SOMO LA KIKUNDI: CHORENI MNACHOKISIKIA



Katika somo la leo hatutazungumzia mbolea wala mikopo. Tutazungumzia masikio. Tunajua wengine wenu mtacheka mkisikia kwamba tunataka mchore picha kwa kusikiliza, kwa maana kila mtu huchora kile anachokiona. Lakini ngojeni kidogo. Njia hii tumeitumia, na mara ya kwanza ilitufundisha sisi wenyewe kabla ya kuwafundisha wenzetu.

Jinsi tulivyoona haya

Ilikuwa mwaka 2011, wakati wa ule ukame mkali. Tulikuwa tukitembelea kikundi kimoja cha akina mama huko Ukambani, karibu na mto wa msimu, ile mito ambayo hujaa maji siku chache za mvua halafu hubaki mchanga mtupu. Tulibeba picha nzuri za rangi kutoka mjini: kuku wa mayai, banda safi, mama akitabasamu. Tukazibandika ukutani, tukauliza, "Mnaona nini hapa?" Wakajibu, "Kuku." Tukauliza, "Sasa tufanye nini?" Wakajibu, "Tufuge kuku." Walikubali kila kitu, wakapiga makofi, wakatupa chai.

Miezi miwili baadaye tuliporudi hapakuwa na banda hata moja. Tulipouliza sababu, mama mmoja mzee akatuambia kwa upole, "Wanangu, kuku nao hunywa maji."

Tuliona haya. Picha ilikuwa nzuri, lakini aliyeichora hakuwahi kusikia kijiji kile kikiamka asubuhi. Basi tukazikunja picha zetu, tukawaomba wanakikundi kwa siku tatu wasikilize tu. Wasikilize alfajiri, wasikilize mchana, wasikilize usiku. Siku ya nne kila mmoja alete mchoro wa sauti moja ambayo haimtoki akilini.

Yule mama mzee, ambaye alisema hajapata kushika kalamu, alichukua kipande cha makaa akachora duara, na chini yake mistari mifupi mifupi ya kukwaruza. Sisi tulidhani ni jua. Akasema, "Hiyo ni kata yangu ndani ya kisima cha mchangani. Nikiwa msichana ilikuwa ikisema chubwi! Siku hizi inasema kwaru, kwaru, kwaru." Akina mama wote wakaguna kwa pamoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kisha mama wa pili akaweka karatasi yake mezani kifudifudi. Alipoigeuza tuliona mstari mnene mweusi uliovuka karatasi yote, na mbele yake nukta mbili kubwa. "Hii naisikia saa nane za usiku," akasema. Pakawa kimya. Lilikuwa ni lori la kubeba mchanga. Kila mtu alilijua, na hakuna aliyekuwa amelitaja katika mikutano yetu yote, kwa sababu vijana wanaopakia mchanga ule ni watoto wao. Hata aliyechora, mwanawe alikuwa huko. Pesa ya mchanga ndiyo iliyonunua unga nyumbani kwake, na mchanga huo huo ukiondoka, kisima chake kinakauka.

Siku hiyo hatukupata dawa. Lakini walizungumza mpaka jua likatua, na wiki iliyofuata waliwaita vijana wenyewe waje watazame michoro ile miwili. Hakuna aliyeshitakiwa. Mwishowe walikubaliana sehemu ya mto iliyo karibu na visima isiguswe. Wako walioheshimu, na wako walioendelea kuchota usiku. Hatuwezi kudanganya kwamba mambo yaliisha pale. Baadaye, mwaka 2015, Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia uchimbaji wake, na hiyo inaonyesha kwamba shida ile haikuwa ya kijiji kimoja tu.

Jaribio dogo la debe

Kama mna mto wa mchanga kwenu, fanyeni jaribio hili. Jazeni mchanga mkavu, ule wenye punje kubwa, katika debe la lita 20. Halafu mimineni maji pole pole kwa kikombe, mkihesabu, mpaka maji yaonekane juu. Mtaona kwamba debe ambalo "limejaa" bado linapokea lita tano, sita, hata nane. Maji hukaa katikati ya punje za mchanga, na jua haliyafikii kwa urahisi. Ndiyo sababu mto mkavu si mkavu. Mchanga ukiondolewa, mafuriko hupita mbio na hakuna cha kuyashika. Na ndiyo sababu kwingi huko Ukambani vikundi vimejenga kuta za zege kukatiza mito ya msimu: mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani yake mpaka kiangazi.

Kwa nini masikio?

Macho huzoea upesi. Mtu akipita kila siku kando ya mferiji uliobomoka, mwishowe hauoni tena. Lakini sikio halina kifuniko. Husikia hata gizani, hata tukiwa na kazi mikononi. Tena sauti hutuambia mambo ya saa na majira. Mashine ya kusaga inayonguruma mchana kutwa hutuambia watu wamevuna au wamepata pesa. Ikinyamaza wiki nzima, hiyo nayo ni habari.

Jambo hili si geni. Mchoraji mmoja Mrusi, Wassily Kandinsky, alikwenda kusikiliza muziki wa Arnold Schoenberg mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1911. Baadaye akachora picha ya jioni ile: pande kubwa jeusi la piano, na rangi ya manjano iliyofurika kama sauti inayojaza chumba. Hakuchora sura za watu kama kamera. Alichora kile masikio yake yalichobeba kwenda nacho nyumbani.

Kwetu sisi wa kazi za maendeleo kuna mfano wa karibu zaidi. Mwalimu Paulo Freire wa Brazili alikuwa akifundisha watu wazima kusoma. Kabla ya kuandaa somo, yeye na wenzake walikwenda kwanza kusikiliza mazungumzo ya watu: maneno gani yanarudiwa, jambo gani linawachoma. Kutokana na hayo walitayarisha michoro, na watu wakaizungumzia kabla hawajaandika herufi hata moja. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos, wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa njia hiyo kwa muda wa saa 40 hivi. Mwaka uliofuata wanajeshi walipindua serikali, na Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Mnaona kwamba mchoro unaotokana na kusikiliza si mchezo wa watoto.

Katika miaka ya 1970 mafunzo ya namna hiyo yaliletwa Kenya na Anne Hope na Sally Timmel, yakaitwa DELTA, na wengi waliofanya kazi vijijini kupitia makanisa waliyapitia. Hatua ya kwanza waliyofundisha ilikuwa ni kusikiliza. Sisi tuliifahamu hatua hiyo tangu chuoni, lakini siku ile ya kuku tuliiruka.

Hatua za kufuata

Vifaa: karatasi ya manila, au upande wa nyuma wa kalenda kuukuu. Kalamu nene, chaki au makaa. Kama hamna karatasi, mchanga na kijiti vinatosha.

1. Kaeni kimya. Kila mtu atafute mahali pake, akae peke yake kwa dakika kumi hivi. Asisali kwa sauti, asipige gumzo, asishone kiondo. Asikilize tu.

2. Choreni ramani ya sauti. Weka alama ya msalaba katikati ya karatasi: hapo ndipo ulipokaa. Kila sauti unayoisikia, weka alama upande ilikotokea. Ya karibu iwe karibu, ya mbali iwe mbali. Jogoo, mtoto analia, shoka kwenye mti, redio ya jirani, pikipiki. Usichague nzuri na mbaya.

3. Choreni sauti yenyewe. Fumba macho, kumbuka sauti moja, kisha uache mkono ufuate. Sauti ndefu iwe mstari mrefu. Sauti kali iwe na pembe. Sauti nene iwe mstari mnene. Inayorudiarudia iwe nukta, moja baada ya nyingine. Kikohozi cha mtoto si sawa na mlio wa ndoo, na mistari yake isiwe sawa. Msiogope kuonekana vibaya. Hapa hakuna mtihani.

4. Tafuteni mkono ulio nyuma ya sauti. Jiulize: ni kitu gani kinalia, na nani anakishika? Kama ni shoka, chora mkono na mti. Kama ni mitungi mitupu inayogongana alfajiri, chora anayeibeba. Ni mama, au ni msichana ambaye saa hiyo angekuwa akijitayarisha kwenda shule?

5. Sikilizeni kisichosikika. Waulizeni wazee: ni sauti gani mliyoisikia zamani ambayo sasa haipo? Pengine ni vyura wa bwawani. Pengine ni twanga twanga ya kinu. Choreni mahali ilipokuwa, na muache nafasi tupu.

6. Chagueni mchoro mmoja. Bandikeni yote ukutani, mtembee mkitazama bila maneno. Kisha mchague ule uliogusa watu wengi, na muuchore upya kwa ukubwa. Uwe na jambo moja tu. Tena usiwe na jibu ndani yake. Mkichora shida pamoja na dawa yake, watu watapiga makofi na kwenda nyumbani kama walivyotupigia sisi.

7. Zungumzeni kwa utaratibu. Kiongozi aulize swali moja moja, asikimbie: Mnaona nini katika mchoro? Kunatendeka nini? Je, hutokea hapa kwetu? Huleta shida gani nyingine? Chanzo chake ni nini? Sisi tunaweza kufanya nini, nani atafanya, na lini?

Mambo ya kuangalia

Kwanza, kiongozi asiwe fundi wa kusahihisha. Tumeona mwenyekiti akimnyang'anya mama kalamu, "ngoja nikutengenezee huyo ng'ombe." Ng'ombe akawa mzuri, na yule mama hakuchora tena. Kinachotakiwa ni mkono wa mwenyewe.

Pili, wakumbukeni wasioona na wasiosikia. Mwanakikundi asiyeona huweza kutaja sauti ambazo sisi wengine hatukuzitambua, na mwenzake akamchorea huku akimwuliza, "Ni hivi?" Asiyesikia vizuri naye achore mtetemo anaousikia mwilini, kama lori likipita au ngoma ikipigwa.

Tatu, na hili ni zito, si kila sauti ni ya kubandikwa ukutani. Usiku husikika pia kipigo na kilio kutoka nyumba ya jirani. Mkiichora na kila mtu akaijua nyumba ile, mnaweza kumwongezea mama huyo au mtoto huyo maumivu. Jambo kama hilo halihitaji manila. Linahitaji watu wawili wenye busara wamwendee kimya kimya anayeumia, wamsikilize na kumsaidia kufika penye msaada, na kama maisha yako hatarini, wasingoje mkutano.

Nne, wekeni michoro yenu. Andikeni tarehe nyuma. Baada ya mwaka mmoja fanyeni zoezi tena mahali pale pale, saa ile ile, halafu mlinganishe. Hiyo ni njia yenu wenyewe ya kupima kama mradi umebadilisha kitu, bila kungoja mgeni mwenye fomu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Sauti ya kwanza unayoisikia ukiamka ni ipi? Inakuambia nini kuhusu siku itakavyokuwa?
2. Ni sauti gani hapa kwetu ambayo sisi sote tunaijua lakini hatuitaji mkutanoni? Kwa nini?
3. Mradi tulio nao sasa, nani aliuchagua? Ulitokana na jambo tulilolisikia, au na picha tuliyoletewa?
4. Je, watoto na vijana wetu wangechora sauti gani? Tutawauliza lini?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila mwanachama asikilize kwa siku tatu, alete mchoro mmoja. Katibu aandike majina ya sauti zote, asiandike majina ya waliozichora.

Yule mama mzee tulimwuliza kama anaweza kutupa mchoro wake tukawaonyeshe wengine. Alikataa. Alisema ataubandika nyumbani, na siku kata itakapoanza kusema chubwi tena, atatuita tuje na makaa. Sisi bado tunangoja, na kila mvua ikianza tunamkumbuka.