Si Kila Kipele Usoni ni Chunusi: Ifahamu Rosasia

Uso unaochoma, mashavu yenye joto na vipele vinavyorudi kila mara huchukuliwa na wengi kuwa chunusi au mzio wa sabuni. Wakati mwingine tatizo ni rosasia, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu unaoathiri mashavu, pua, kidevu na paji la uso. Hauambukizi wala hautokani na uchafu.

Kwa nini hautambuliwi?

Kwa miaka mingi rosasia imeelezwa kama wekundu wa uso wa Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha, hivyo mgonjwa huchelewa kutibiwa. Angalia badala yake hisia ya kuchomwa, ngozi kavu, na vipele visivyo na vichwa vyeusi. Macho yanayowasha kana kwamba yana mchanga ni dalili ya kumwona daktari haraka.

Husababishwa na nini?

Hakuna chanzo kimoja. Kinga ya mwili kwenye ngozi hufanya kazi kupita kiasi, mishipa midogo ya damu hutanuka, na urithi huchangia. Demodeksi, vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, huwa wengi zaidi kwa wagonjwa. Jua, joto la jiko, upepo, pilipili, pombe na msongo wa mawazo huuchochea.

Baridi ya nyanda za juu isikudanganye. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo zaidi ya mita 2,400. Kadiri unavyopanda, ndivyo miale ya jua inavyozidi ukali.

Tahadhari kuhusu krimu

Krimu zenye steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, hutuliza uso mwanzoni. Zikipakwa kwa muda mrefu, ngozi hukonda na kutoa vipele vinavyofanana na rosasia. Mtu akiacha, uso huwaka upya, naye hurudia krimu ile ile. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi huwa na steroidi hizo bila kutajwa kwenye kibandiko. Daktari anaweza kumsaidia kuziacha salama.

Matibabu

Rosasia haiponi kabisa, lakini hudhibitiwa kwa dawa kama metronidazoli au ivermektini ya kupaka, na doksisaiklini ya kumeza, kwa maagizo ya daktari. Mjamzito aeleze hali yake kabla ya kupewa dawa. Ivermektini ya mifugo isipakwe usoni kamwe.

Vaa kofia pana, tumia sabuni isiyo kali, na uendapo kituo cha afya beba krimu zote unazopaka.