Nguvu ya Kununua Si Mali

Wasomaji wetu, leo madalali wa ng'ambo huwafikia vijana wetu kwa simu ya mkononi, wakiwaahidi kile kiitwacho "nguvu ya kununua". Asiyejua maana yake hudhani amezidishiwa mali, na kumbe kilichozidi ni deni. Twataka kulieleza jambo hili kwa hesabu, kisha tutazame hukumu yake.

Asili yake ni masoko ya hisa ya Marekani. Katika miaka ya 1920 mtu aliweza kutoa sehemu ya kumi tu ya bei, na iliyobaki akakopeshwa na dalali. Soko la New York lilipoanguka mwaka 1929, wengi wa wanunuzi hao waliangamia. Sheria ya mwaka 1934 ikaipa Benki Kuu ya nchi ile uwezo wa kuweka mpaka. Na tangu 1974 mnunuzi hutakiwa atoe nusu ya bei. Ama wanunuao na kuuza siku ile ile, kanuni za mwaka 2001 ziliwaruhusu kufika mara nne ya mali yao, kwa sharti wawe na dola 25,000 za kwao.

Natupige hesabu. Mtu ana dola 30,000, akanunua hisa za dola 120,000. Zikipanda sehemu 5 katika mia, apata dola 6,000. Zikishuka kiasi hicho, apoteza 6,000, yaani sehemu ya tano ya mali yake, kwani deni la dalali la dola 90,000 halipungui hata senti moja. Zikishuka robo, hana kitu. Zikizidi hapo, adaiwa.

Tena hisa zile ni rehani. Akilala na hisa za dola 60,000 kwa mkopo wa 30,000, nazo zikashuka chini ya dola 40,000, mali yake imepungua robo ya thamani, na robo ndiyo mpaka. Hapo dalali humtaka aongeze fedha, na kwa mkataba aweza kuziuza bila ya kumngoja.

Huenda mtu akasema: "Mimi nitauza kabla ya soko kufungwa, na riba haitanigusa." Ni kweli kwamba madalali wengi hawatozi riba kwa deni lililolipwa siku ile ile. Lakini jambo haliishii hapo. Mwaka 1992 Majma ya Fiqhi iliyokutana Jeddah ilikataza kununua hisa kwa mkopo wa riba wa dalali juu ya rehani ya hisa zenyewe. Na mwaka 2006 maulamaa wa Majma ya Makka, katika kuiharimisha biashara hii, hawakutaja riba peke yake; walitaja pia kwamba mkopeshaji humshurutisha mkopaji afanye biashara kwake, naye apate ujira katika kila mauzo. Huo ni mkopo uvutao manufaa, hata pasipoandikwa riba.

Basi kabla ya kutia sahihi, kila mmoja na aulize matatu: Deni ni kiasi gani? Rehani ni nini? Na mkopeshaji anafaidi kwa njia gani? Akikosa jawabu iliyo wazi, na aizuie mali yake.

Wallahu aalam.